Henry Disston: Jina lililo kwenye msumeno linavyotaja umri wake

Seremala wa Songea anayetafuta vifaa vilivyotumika huwa na njia mbili. Ama anasubiri mzigo unaokuja kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Makambako na Njombe, ama anasikilizia ni wapi karakana ya zamani inafungwa, au ni mzee gani aliyestaafu anauza sanduku lake la zana. Kote huko tatizo ni moja. Muuzaji husifia kifaa kuwa ni cha zamani, cha enzi za Wazungu, na mnunuzi hana namna ya kujua kama maneno hayo ni ya kweli, uzamani wenyewe ni wa miaka mingapi, na kama una faida yoyote siku ya kupasua mninga.

Mara nyingi jibu liko pale pale kwenye kifaa. Katika msumeno wa mkono, mpini hushikwa na vifungo vya shaba, na kimojawapo huwa kikubwa kuliko vingine na kina maandishi kichwani. Wengi hudhani ni pambo. Ikiwa maandishi hayo yana jina la Disston, kifungo hicho ni kama cheti cha kuzaliwa kwa yule anayejua kukisoma. Na kukisoma kunahitaji kujua habari za mtu mmoja aliyefariki mwaka 1878, kwa kuwa maandishi yale yalibadilika kadiri mambo yake, ya watoto wake na ya kampuni yake yalivyobadilika.

Mtu huyo ni Henry Disston. Alizaliwa Mei 24, 1819 katika mji mdogo wa Tewkesbury, magharibi mwa Uingereza. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa mashine za kufuma lesi, hivyo mtoto alikua akisikia milio ya vyuma na kuona jinsi kifaa kidogo kilichokaa vibaya kinavyoweza kusimamisha kazi nzima. Mwaka 1833 Thomas alivuka bahari kwenda Marekani akiwa na Henry na binti yake mmoja. Walishukia Philadelphia. Siku tatu baadaye baba akafariki.

Kijana akabaki na miaka 14 katika nchi ngeni, hana mtaji, hana wa kumtegemea zaidi ya dada yake. Aliingia uanagenzi kwa watengeneza misumeno. Kazi hiyo wakati ule ilikuwa ya nguvu na ya uvumilivu: kukata bamba la chuma, kuchonga meno kwa mkono, kulipasha moto na kulizamisha kwenye mafuta ili liwe gumu, kulilegeza kidogo lisivunjike, kisha kulinyoosha kwa nyundo kwa saa nyingi na kulisaga mpaka likae sawa. Anayefikiri kwamba msumeno ni kipande cha bati chenye meno hajawahi kuona hatua hizo.

Mwaka 1840, akiwa na umri wa miaka 21, Disston alianza kazi yake mwenyewe. Mtaji wake ulikuwa na thamani ya dola 350, na sehemu kubwa yake ilikuwa zana na malighafi. Karakana ilikuwa chumba cha chini ya ardhi katikati ya Philadelphia. Makaa ya mawe aliyachukua mwenyewe kwa toroli kutoka gatini. Kipindi hicho hicho msiba ulimkuta nyumbani: mke wake wa kwanza alifariki, na mapacha aliowazaa hawakuishi. Alioa tena mwaka 1843, na watoto wa ndoa hiyo ya pili ndio waliokuja kubadilisha maandishi ya kile kifungo cha shaba.

Kutengeneza msumeno hakukumshinda. Kilichomtesa ni soko. Mafundi wa Marekani wa wakati ule waliamini kwamba msumeno mzuri lazima utoke Sheffield, Uingereza. Wenye maduka ya zana walimwambia mtu kama Disston kwamba kazi yake ni nzuri lakini wateja hawataiulizia. Mfanyabiashara yeyote wa Songea aliyewahi kuweka kitanda cha mninga, kilichotengenezwa Bombambili au Lizaboni, kando ya kitanda cha mbao za kubandika kilichotoka ng'ambo anaijua hali hiyo. Disston aliuza kwa faida ndogo sana, akapeleka misumeno yake kwa mafundi waijaribu kazini, na akategemea wao kwa wao waambizane. Ilichukua miaka.

Mambo ya pango nayo yalimsumbua, akalazimika kuhamisha karakana. Hatimaye alikodi mahali penye nguvu ya mvuke, jambo ambalo kwa watengeneza misumeno wa nchi ile lilikuwa bado geni. Mwaka 1849 boila likalipuka na jengo likaharibika. Baada ya hapo aliamua kujenga cha kwake, na hakurudi tena kwenye majengo ya kupanga.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1855. Hadi wakati huo feleji, yaani kile chuma kigumu kinachoshika makali, ilinunuliwa kutoka Uingereza. Aliyeiuza alikuwa nchi moja na washindani wake, na bei aliipanga yeye. Karakana ya misumeno hubaki na vipande vingi vinavyokatwa pembeni mwa bamba, na Disston alivitazama vipande vile kama fedha iliyolala sakafuni. Akajenga tanuri, akaviyeyusha ndani ya vyungu, akamimina feleji yake mwenyewe. Wengi walimwona anapoteza fedha. Lakini tangu hapo aliweza kuchagua ugumu anaoutaka, badala ya kupokea kile alichouziwa.

Hapa ndipo penye maana kwa anayenunua kifaa kilichotumika leo. Thamani ya msumeno wa zamani imo ndani ya bamba lake, na bamba linaweza kupimwa pale pale sokoni bila mashine yoyote. Shika mpini, kamata ncha, ukunje msumeno taratibu uwe kama upinde, kisha uuachie. Bamba zuri hurudi na kunyooka lenyewe. Likibaki na mkunjo, ama feleji ni dhaifu ama limewahi kuungua. Litazame kwa urefu ukilielekeza kwenye mwanga, kama unavyotazama ubao kuona kama umepinda. Pinda moja ndefu huweza kunyooshwa na fundi mwenye nyundo, lakini kona kali iliyovunjika katikati ya bamba ni ya kuachana nayo. Misumeno mizuri ya enzi hizo ilisagwa ili mgongo uwe mwembamba kuliko upande wa meno, kusudi usikwame ndani ya ubao. Mtu mwenye vidole vyepesi anaweza kuihisi tofauti hiyo.

Halafu kuna kutu. Kutu ya juu juu haina neno. Mashimo ya kutu karibu na meno ni hasara, kwa sababu kila jino litakalochongwa hapo litakatika. Kosa kubwa linalofanyika ni muuzaji kuchukua grainda na kuusafisha msumeno ung'ae kabla ya kuuza. Grainda hufuta maandishi ambayo kiwanda kiliyachora kwenye bamba kwa tindikali, na ndiyo yangetaja aina na umri. Pia hupasha chuma moto. Palipogeuka rangi na kuwa samawati pamepoteza ugumu, na tupa itakuonyesha hivyo siku ya kwanza ya kunoa. Njia salama ni msasa laini uliofungwa kwenye kipande cha mti bapa, mafuta kidogo, na kusugua polepole kwa kufuata urefu wa bamba. Maandishi yaliyodhaniwa yamekufa huanza kuonekana yakiwa meusi juu ya chuma cheupe.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani. Mwaka huo huo serikali ilipandisha ushuru wa bidhaa nyingi kutoka nje. Feleji na zana za Uingereza zikawa ghali, na mwenye feleji yake mwenyewe akajikuta mbele ya wenzake. Disston alitengeneza pia vifaa vya jeshi. Wapo wanaosema ushuru ndio uliomtajirisha. Ni kweli ulimsaidia sana, ila tanuri lake lilikuwa na miaka sita tayari lilipopita sheria hiyo. Washindani wake walipata ushuru ule ule bila kuwa na tanuri. Mwaka 1864 moto uliteketeza kiwanda, akakijenga upya kikubwa zaidi.

Kisha ikaja mwaka 1865, na kuanzia hapo msomaji ashike kifungo cha shaba mkononi. Mwaka huo mwanawe mkubwa, Hamilton, aliingizwa katika kampuni. Jina likawa Henry Disston & Son, yaani Disston na mwanawe mmoja. Mwaka 1871 watoto wengine walipoingia, likawa Henry Disston & Sons, yaani na wanawe. Herufi moja tu, ile S ya mwisho, inatenganisha msumeno wa miaka sita hiyo na ule wa baadaye. Usio na neno Son kabisa, lakini wenye jina lake na la mji wa Philadelphia kwa kifupi, unaweza kuwa wa kabla ya 1865. Misumeno ya kabla ya 1871 ni michache sana duniani, na anayeupata hapaswi kuupasulia mbao za kuezekea banda la kuku. Wapo watu Marekani na Ulaya wanaokusanya vitu hivyo kwa fedha nzuri. Ile ya & Sons ni mingi kwa sababu jina hilo lilidumu mpaka miaka ya 1950.

Ndani ya kipindi hicho kirefu kuna alama nyingine. Msumeno uliojulikana sana kuliko yote ya Disston, wenye mgongo uliobonyea kidogo badala ya kunyooka, ulipewa hataza mwaka 1874. Kubonyea huko kuliupunguzia uzito bila kuufanya ulegee. Aina yake iliandikwa D-8, ikiwa na kistari kati ya herufi na tarakimu. Kiwanda kilipopanga upya bidhaa zake mwaka 1928, kistari kiliondolewa ikawa D8. Ukikiona kistari, ni wa kabla ya 1928. Nyuma ya mpini pia pana la kusoma. Nati za zamani zaidi ni bapa, ziko sawa na ubao, na zina mfuo unaohitaji bisibisi yenye mwanya katikati. Zenye kichwa cha mviringo kama kibofu kidogo zilikuja kushika nafasi hiyo katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Maandishi ya Canada au Toronto yanamaanisha tawi la kampuni hiyo hiyo nchini Kanada, ambalo lilianza karne ya 20.

Kuna mambo mawili yanayowapoteza wengi. Karibu na mpini, chini ya bamba, hupigwa chapa ya tarakimu kama 5½, 8 au 10. Si mwaka wala si namba ya aina. Ni idadi ya ncha za meno katika inchi moja: chache kwa kupasua ubao kwa urefu wake, nyingi kwa kukata kwa kukingama. La pili ni kifungo kilichoandikwa Warranted Superior, mara nyingi kikiwa na picha ya tai. Hilo si jina la kiwanda. Ni kifungo cha jumla kilichowekwa na viwanda mbalimbali, Disston kikiwemo, kwenye misumeno ya daraja la chini au iliyotengenezwa kwa ajili ya maduka. Muuzaji anayekiita Disston anakisia tu.

Desturi hii ya jina kufuata mambo ya wenye mali haikuwa ya misumeno peke yake, na ndiyo ufunguo wa kukadiria umri wa mashine kubwa pia. Kibati cha mtengenezaji ndicho cha kutazama kwanza, kabla ya rangi. Rangi mpya inaweza kupakwa Kariakoo kwa nusu saa. Jina la nchi kwenye kibati lina mipaka yake: mashine iliyoandikwa West Germany ni ya kati ya 1949 na 1990, iliyoandikwa Czechoslovakia haivuki mwisho wa 1992, na ya USSR haivuki 1991. Hizo ni tarehe zisizobishaniwa, na zinapatikana bila kujua Kijerumani wala Kirusi.

Kibati kikiwa kimeng'olewa, umbo la mashine huzungumza. Mashine za zamani sana ziliendeshwa kwa mkanda bapa na puli pana, na shafti yake ilizunguka ndani ya metali laini nyeupe iliyomiminwa, bila beringi za gololi. Mikanda yenye umbo la V ilianza kuenea baada ya 1917. Katika mashine ya randa inayosukumiwa ubao kwa mkono, tazama kiini kinachoshika visu. Kikiwa cha pembe nne, mashine ni ya muundo wa kale na ni ya hatari, kwani pengo kati ya kiini na meza humeza vidole. Kanuni za viwanda za Uingereza za mwaka 1922 zilidai kiini cha mviringo kwenye mashine za aina hiyo. Kwa hiyo randa ya Kiingereza yenye kiini cha pembe nne huenda ilitengenezwa kabla ya hapo. Hapa uzamani si sifa. Ni sababu ya kukibadilisha kiini au kutoinunua.

Mashine zinazotoka Japani zina siri yake. Mwaka kwenye kibati mara nyingi huandikwa kwa enzi ya mfalme wao, hivyo mnunuzi huona tarakimu kama 52 na kudhani ni namba ya sehemu. Katika enzi ya Showa, iliyoanza 1926 na kwisha 1989, unaongeza 1925: 52 ni mwaka 1977. Katika enzi ya Heisei, iliyofuata mpaka 2019, unaongeza 1988: 5 ni mwaka 1993. Enzi zenyewe hutajwa kwa herufi mbili za Kijapani mbele ya tarakimu, na aliyejifunza kuzitambua hizo nne tu anasoma vibati vingi. Na kabla ya kufurahia mwaka, soma volti. Njia tatu za umeme wa Japani ni volti 200, za Tanzania ni 400. Songea ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya umeme kutoka Makambako, mashine za mota zilipata nafasi kubwa kuliko wakati wa majenereta. Lakini mota ya volti 200 ikiunganishwa moja kwa moja kwenye 400 haimalizi dakika nyingi. Gharama ya transfoma au ya mota nyingine iingizwe kwenye bei tangu mwanzo.

Kurudi kwa Disston, mwanzoni mwa miaka ya 1870 kiwanda cha mjini kilikuwa kimebanwa. Alinunua ardhi Tacony, kando ya Mto Delaware, pembezoni mwa Philadelphia ya wakati ule, na kuanza kuhamishia kazi huko. Hakujenga kiwanda peke yake. Alipima viwanja, akajenga nyumba ambazo wafanyakazi walipanga au kununua kwa malipo ya kidogo kidogo, na katika hati za viwanja akaweka masharti yaliyokataza baa na machinjio. Wapo waliomsifu kwa hayo, na wapo walioona kwamba mwajiri ambaye ndiye mwenye nyumba, na anayeamua pia kama utakunywa bia mtaani kwako, amepita kiasi. Fundi aliyepata nyumba yake pale hakuwa na haraka ya kwenda kwa mshindani, na hilo bila shaka Disston alilipigia hesabu. Katika kazi ambayo mnyooshaji mzuri wa bamba huchukua miaka kupatikana, kumpoteza mmoja ni hasara kuliko kupoteza tani ya chuma.

Kiwanda kilitengeneza misumeno ya mkono, tupa, na ile misumeno mikubwa ya duara na ya mkanda kwa ajili ya viwanda vya kupasua magogo. Mwaka 1876, Marekani ilipoadhimisha miaka 100 ya uhuru kwa maonyesho makubwa Philadelphia, bidhaa za Disston zilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo wageni wa kutoka nchi nyingine walivitazama kwa makini. Waingereza wa Sheffield, waliokuwa wakiuzia dunia nzima, sasa walikuwa na mshindani aliyezaliwa nchini mwao.

Hakukaa muda mrefu kuyaona matunda hayo. Alifariki Machi 16, 1878 akiwa na umri wa miaka 58, kabla kuhamia Tacony hakujakamilika. Hamilton, yule mwana aliyeleta neno Son kwenye kifungo, akashika uongozi. Alikuwa na tabia tofauti na ya baba. Mwaka 1881 alinunua ekari milioni nne za ardhi, nyingi ikiwa ya majimaji, katika jimbo la Florida kwa senti 25 ekari, jumla dola milioni moja, akitarajia kuikausha na kuiuza. Biashara hiyo ilimwendea vibaya baadaye, naye akafariki mwaka 1896. Kampuni ya misumeno iliendelea mikononi mwa ukoo, ikawa kubwa kuliko zote za aina yake duniani.

Mwaka 1955 ukoo uliuza. Mnunuzi alikuwa kampuni ya H. K. Porter, ambayo haikuwa na historia ya misumeno. Jina Disston lilibaki, kwa sababu jina ndilo lililokuwa na thamani, na limeuzwa tena kwa wamiliki wengine tangu hapo. Mafundi wengi wanaojua zana hizi huuchora mstari mwaka huo. Hawasemi kwamba kila msumeno wa baada yake ni mbaya, ila usilipe bei ya jina bila kujaribu bamba. Na upande wa kabla ya 1955 nao una yake: msumeno halisi wa mwaka 1890 ulionolewa kwa miaka 60 unaweza kuwa umebaki na upana wa vidole viwili kwenye ncha. Huo una historia nzuri na hauna tena cha kunoa.

Kwa wakulima wa miti na wenye dingdong wanaopasua misindano upande wa Madaba na kuelekea Njombe, suala linalowagusa zaidi ni lile bamba la duara. Mabamba yaliyotumika huuzwa yakiwa na chapa mbalimbali, ya Disston na ya viwanda vingine, na hapa umri una uzito mdogo kuliko hali. Pima kipenyo, ukilinganishe na kile kilichochapwa kama bado kinasomeka. Tofauti ndiyo iliyokwisha kuliwa na tupa. Lining'inize kwa kijiti kwenye tundu la katikati na uligonge kidogo kwa mpini wa nyundo. Bamba zima hulia na mlio hudumu. Lenye ufa hutoa sauti ya kufa. Kisha pangusa mafuta ya taa kwenye mabonde ya meno na kuzunguka tundu, kausha kabisa kwa kitambaa, paka chaki, ungoje. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hurudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Bamba la namna hiyo halichomelewi kurudishwa kazini. Linapopasuka likizunguka kwa kasi hakuna aliye karibu atakayepata muda wa kukimbia.

Jambo la mwisho ambalo muuzaji hulisahau ni kasi. Bamba la duara hugongwa kwa nyundo kiwandani ili likae limenyooka likiwa kwenye mzunguko fulani, siyo likiwa limesimama. Bamba lililoandaliwa kwa ajili ya kinu kikubwa likifungwa kwenye injini ndogo ya dingdong huyumba, hupata moto na kuchora mbao zenye mawimbi, hata kama jina lililochapwa juu yake ni la kuaminika. Fundi wa kugonga mabamba anaweza kulirekebisha akiambiwa mzunguko wa injini kwa dakika na kipenyo cha puli zote mbili. Vipimo hivyo viandikwe kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani kwenda kununua.